Bwana akifa, mtumwa ni wa nani?

Boma la Wajerumani mjini Biharamulo bado limesimama. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu Waingereza walipofuta hadhi ya utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini bado habari za watumwa husimuliwa kana kwamba ni za Bagamoyo na Zanzibar peke yake. Huku kwetu ni kimya.

Kimya hicho hakistahili. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Karagwe ilipita Usui, nchi ambayo leo ni ya Biharamulo na Ngara. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walicheleweshwa hapo na mtemi Suwarora akidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India. Alipata uhuru bwana wake alipofariki.

Bombay alibahatika. Kwa wengi, kifo cha bwana kiliwaingiza kwenye mirathi, wakagawiwa warithi pamoja na mashamba na mifugo.

Tarehe 1 Agosti 1890 Sultani Ali bin Said wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri iliyogusa jambo hilo moja kwa moja: mtumwa atarithiwa na watoto halali wa marehemu tu. Kama hakuna mtoto, watumwa wote ni huru siku ile ile bwana anapokufa. Hapo ndipo penye ugomvi. Kwa sheria ya Kiislamu, mtu asiye na mtoto hurithiwa na mke, wazazi, ndugu, hata binamu wa upande wa baba. Wote hao amri iliwapokonya. Tena mtoto wa suria ni mtoto halali akikubaliwa na baba yake. Kwa hiyo kijana ambaye ami zake pengine wangependa kumkana, ndiye sasa aliyekuwa njia pekee ya watumwa kubaki katika ukoo. Uhuru wa watu wazima ulining'inia kwenye swali la nani kamzaa nani! Manung'uniko yalikuwa makubwa, na tarehe 20 mwezi huo huo Sultani alilegeza kipengele kingine: bwana hatalazimishwa kupokea fedha za mtumwa anayetaka kujikomboa.

Hata aliyeachwa huru hakuwa salama. Akifa bila jamaa wa kumrithi, ukoo wa bwana wake wa zamani ulidai mali yake kwa haki ya walaa, na madai hayo yalifika kwa makadhi wa Unguja na Pemba hata baada ya utumwa kufutwa huko.

Amri ya Sultani haikufika Usui. Huku alitawala Mjerumani, ambaye hakuufuta utumwa kamwe. Mwaka 1901 alimruhusu mtumwa siku mbili kwa juma za kujifanyia kazi. Mwaka 1904 akatangaza kuwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 ni huru. Mama alibaki mtumwa, mwanawe huru. Mwanahistoria Jan-Georg Deutsch, aliyezichambua nyaraka za Kijerumani za wakati huo, anaonyesha kwamba utumwa ulikwisha zaidi kwa juhudi za watumwa wenyewe, kwa kuondoka au kujikomboa. Naamini hivyo pia.

Nyaraka za Kijerumani zimehifadhiwa Dar es Salaam, lakini kumbukumbu za huku ziko kwa wazee. Wazee wa Nyakahura na Rulenge wako hapa hapa, na halmashauri za wilaya zetu mbili zinapaswa kutuma watu wakawarekodi mwaka huu.