Majivu ya Msichana

Miaka ya 1870, mjini Cape Town, wafungwa wa jamii ya /Xam, wenyeji wa Karoo, waliwasimulia Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd habari za nyota. Hapo kale, walisema, msichana alichota majivu ya kuni akayarusha juu. Yakawa Njia Nyeupe, ili watu waliokutwa na usiku mbali waione njia ya kurudi nyumbani.

Leo lugha ya /Xam haina msemaji. Lakini Sutherland, huko huko Karoo, usiku bado ni giza, na sheria ya 2007 inalilinda giza hilo kwa ajili ya darubini. Wenye simulizi hawakulindwa.

Nilisoma hayo Dar es Salaam, nikatoka nje kutazama. Taa zilikuwa nyingi, majivu sikuyaona.