Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Mkusanyaji wa vigari vya kuchezea akiletewa kigari cha zamani hashughuliki kwanza na rangi yake. Hukipima uzito kiganjani, kisha hukipindua. Siri iko tumboni: maandishi ya kiwanda, ncha za ekseli, na ribiti zinazoshika bati la chini. Mghushi hukata vichwa vya ribiti hizo ili akifungue kigari, akipake rangi iliyo adimu, kisha akifunge upya. Na alama ya keekee hubaki. Vigari vya Dinky vilivyotoka Liverpool kabla ya Vita Vikuu vya Pili vina ila yao pia, kwani zinki iliyoingiwa na risasi kiwandani hupasuka yenyewe kadiri miaka inavyopita. Nyufa za namna hiyo hazighushiki kwa urahisi, na mjuzi akiziona hufurahi pale ambapo mnunuzi mgeni angenuna.

Ujuzi wote huo una sharti moja: kitu kiwe mkononi. Mtu aliye mbali hana la kupima ila umbo, na umbo ndilo jambo jepesi kuliko yote kuigiza. Mwezi Juni mwaka 1916, katika Kasanga, kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika chini ya nyanda za Ufipa, afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza alikutana na tatizo hilo hilo, ila kilichokuwa mbele yake hakikuwa kigari.

Kasanga wakati huo iliitwa Bismarckburg, na Wajerumani walikuwa na boma lao hapo kando ya maji. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alifika na kikosi chake cha vyombo tarehe 5 Juni. Hakuwa mtu asiye na sifa. Boti zake mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilikuwa zimesafirishwa kutoka Cape Town kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mito hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi chake kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kazi aliyopewa sasa ilikuwa kuziba njia ya majini, huku askari wa Luteni Kanali Murray, waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, wakilikabili boma kwa nchi kavu.

Alitazama kutoka majini, akaona boma, akaona mizinga. Akageuza, akarudi Kituta. Wajerumani na askari wao wakapata mwanya. Wakajipakia katika majahazi, wakaondoka kwa njia ile ile iliyokusudiwa kufungwa. Murray alighadhibika. Masimulizi ya vita hivyo yanasema kwamba Spicer-Simson aliambiwa baadaye kuwa mizinga iliyomrudisha ilikuwa ya mbao.

Ni rahisi kumcheka, na wengi wamemcheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa majivuno aliyezoea kuvaa sketi mbele ya askari wake. Lakini haki itendeke. Vyombo vyake vilikuwa vyepesi, na kombora moja la kweli lingetosha kukimaliza chochote kati yavyo. Aliyetengeneza mizinga ile hakulazimika kumdanganya mtu anayeishika. Ilimtosha kumdanganya mtu anayeogopa kuikaribia. Linalostahili lawama zaidi ni jingine. Mwambao ule haukuwa mtupu. Walikuwapo wavuvi na wakulima, Walungu na Wafipa, ambao boma hilo lilikuwa jirani yao. Mtu aliyeishi kando ya boma hakuhitaji darubini kujua mti na chuma. Katika masimulizi yanayorudiwa vitabuni, wenyeji hao hawana sauti.

Wala hila ya Kasanga haikuwa ya pekee ziwani. Wasomaji wa Unguja wanaijua Königsberg kwa asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ilipoivamia Pegasus bandarini na kuizamisha. Manowari hiyo iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi ya milimita 105, na mmoja ukapelekwa kwa reli hadi Kigoma, ukafungwa juu ya Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani. Huo ulikuwa wa kweli. Mwaka 1916 Lettow-Vorbeck alihitaji silaha za nchi kavu, mzinga ukashushwa, na mahali pake pakasimamishwa wa mbao. Spicer-Simson alikataa kuishambulia meli hiyo pia, na ndege za Wabelgiji zilipoishambulia kwa mabomu mwezi Juni, silaha yake kuu ilikuwa imekwisha kuondoka. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, injini zikiwa zimepakwa grisi. Iliopolewa mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927, kwa jina la Liemba, ilihudumia bandari za ziwa hilo kwa miongo mingi, Kasanga ikiwa mojawapo.

Kuponyoka kwa kikosi kimoja hakukuamua vita. Vita viliendelea hadi Novemba 1918, vikala wapagazi kwa makumi ya maelfu, na Lettow-Vorbeck akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mwendo mfupi tu kutoka Kasanga.

Chuma kilibaki. Mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus, na anayetilia shaka anaweza kuugonga kwa ukucha. Mti una hatima nyingine, kwani una mchwa, na jikoni kuna njaa ya kuni. Lau leo angetokea mchuuzi na gogo lililochongwa mfano wa mzinga, akaapa kwamba lilisimama bomani Kasanga mwaka 1916, mkusanyaji angelipima, angelipindua na kulichungua tumboni, akitafuta uthibitisho kwamba ni bandia ya kweli.