Kibao, si Bango

Kitabu cha mafunzo kwa wafanyabiashara wadogo kimetufikia Kasongo, kimefasiriwa kutoka Kifaransa. Penye ukurasa wa kulijulisha duka kwa wapita njia, neno "enseigne" limegeuzwa kuwa "bango la nje la jengo kwa ajili ya utambulisho wa chapa". Maneno kumi na moja kwa neno moja! Mchoraji wa Lusangi angelipwa kwa herufi, angekwisha kuoa mke wa pili. Barua niliyowaandikia waheshimiwa wafasiri haikujibiwa, kwa hiyo nawajibu hapa.

Kitu chenyewe msomaji anakijua: jina lililo juu ya mlango wa duka, ambalo mgeni kutoka Kabambare hulitambua bila kuuliza, na akirudi msimu ujao hulitafuta lilelile. Ugomvi wangu ni bango.

Bango hutangaza. Hubeba habari ya mkutano, ya mgombea, ya sabuni mpya, na muda wake ukiisha hubanduliwa. Laweza kusimama Kindu likisifia kitu kilichoko Kinshasa. Enseigne haina uhuru huo, maana imefungamana na nyumba yake. Lakini wale waliotuzalia "bangokitita" kwa ajili ya "flip chart" wamelipenda mno neno hili; kila kitu bapa chenye maandishi hupelekwa kwao, nacho hurudi kikiitwa bango.

Neno ninalolitetea ni kibao. Sikulibuni, pwani limo vinywani mwa watu tangu zamani. Mamaye ni ubao, wenye wingi wa mbao na ukubwa wa bao, na katika ukoo huo kibao ndicho kitinda mimba: kipande kidogo kilichochongwa kwa kazi maalumu. Kuna kibao cha chapati na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Na sisi wa Maniema ya kusini tuna sababu ya ziada. Watoto wengi wa hapa walizijua herufi kwanza juu ya ubao wa chuo cha Kurani, kabla ya karatasi. Kwetu ubao na maandishi havijawahi kuwa wageni.

Linganisheni na Kifaransa kinachoogopwa hivyo. Mtu wa Kasongo humwambia mchoraji, "Unipakie pano ya duka yangu." Pano hiyo ni "panneau", nayo imetoka katika Kilatini "pannus", yaani kitambaa. Enseigne imetoka katika "insignia", alama za cheo. Wao walianza na kitambaa na cheo, sisi tulianza na mti. Sioni aibu iko wapi.

Wala mlango wenye kusema si jambo geni kwa Waungwana, ambao Kingwana chetu kimechukua jina lao. Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa mji mkubwa wa biashara, alifia Unguja mwaka 1905, na huko katika Mji Mkongwe milango ya nakshi ya matajiri ilichorwa aya, na mingine mwaka na jina la mwenye nyumba. Hakuna aliyeiita milango ile mabango.

Sheria nayo iko upande wangu. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, Septemba 2012, na sheria ya biashara ya umoja huo inahesabu wateja pamoja na enseigne, au jina la kibiashara, kuwa viungo ambavyo mali ya duka haiwezi kuvikosa. Bango lipi liliwahi kurithiwa?

Anayetaka kuona tofauti atazame kuta zetu. Kampuni ya simu hulipaka duka rangi bure, kuanzia msingi hadi bati, na mwenye duka hufurahia rangi asiyoinunua. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Zain ikawa Airtel, kuta zikabadilishwa nguo mara mbili, na jina la muuza chumvi halikuonekana hata mara moja. Hilo ndilo bango: nyumba nzima inamtangaza mtu mwingine. Muuza chumvi hana kibao, na mteja akimsifu kwa jirani humwita "yule wa pale kwenye nyekundu", na nyekundu ziko nne.

Nimeambiwa na bingwa mmoja, ambaye kamusi yake naiheshimu kuliko masikio yake, kwamba kibao hakifai kwa kuwa ni kofi, tena ni wimbo uliovuma, tena ni "tele". Kwa hoja hiyo tusiseme paa, kwa hofu ya kudhaniwa tunamtaja mnyama.

Kuhusu matumizi: kibao cha duka, wingi vibao, jina moja, herufi nene, rangi mbili, na jina hilohilo liandikwe kwenye risiti na mifuko. Watakaochapa toleo la pili la kile kitabu wanajua anwani yangu. Ipo juu ya ile barua.