Palipokatwa Pasomeke: Kutoka Kwihara hadi HTML

Ukitoka Tabora mjini, mwendo mfupi tu, unafika Kwihara, kwenye tembe walimokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Wageni huja kuona nyumba. Sisi wapenzi wa maandishi tuna sababu nyingine ya kupakumbuka: mwezi Machi mwaka huo Stanley aliondoka Unyanyembe kuelekea pwani na daftari kubwa la Livingstone. Wasomi huliita Shajara ya Unyanyembe.

Daftari lile lilikuwa nakala safi. Mwaka 1871, Livingstone akiwa Nyangwe, magharibi ya Ziwa Tanganyika, karatasi na wino vilimwishia. Basi akachukua gazeti kuukuu la London akaandika juu ya chapa yake, mistari ikikingama, kwa wino wa mmea wa huko. Humo ndimo alimoandika habari za mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, ambayo Waarabu wenyewe walikadiria kuwa yaliua watu kati ya 330 na 400.

Baadaye akanakili. Na kunakili, msomaji wangu, ni kuchagua. Walioyalinganisha maandishi hayo mawili wameona kwamba katika daftari alipunguza habari za ukorofi wa watu wa msafara wake mwenyewe. Mwaka 1874 Horace Waller akatoa kitabu, naye akapitisha mkasi wake. Msomaji alipata aya zilizonyooka vizuri. Palipokatwa hakupaona.

Sasa HTML inaingiaje hapa? Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, akiwa CERN kule Geneva, alitoa orodha fupi ya alama, hata 20 hazifiki: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Alama hizo huwekwa ndani ya maandishi kukieleza kivinjari kila kipande ni kitu gani. HTML 4 ya mwaka 1997 ikaongeza mbili ambazo mhariri yeyote angezitamani: <del> kwa neno lililofutwa, na <ins> kwa lililoingizwa. Neno lililofutwa linabaki palepale, limepigwa mstari, na bado linasomeka.

Kumbe hicho ndicho shajara ilichohitaji. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wameipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, ili wino uliofifia ujitenge na chapa ya gazeti, waliiweka kwenye intaneti. Maandishi yake waliyatia alama za lugha ya ukoo mmoja na HTML. Leo mtu wa Choma au Igunga mwenye simu anaweza kuona kurasa ambazo msomaji wa kitabu cha 1874 hakuonyeshwa kamwe.

Kwa hiyo ukiweka maandishi ya kale kwenye ukurasa wako, usidhani alama ni urembo tu. Kivinjari hakiheshimu nafasi tupu: acha mistari kumi wazi, chenyewe kitaisoma kama nafasi moja. Utenzi usiotiwa 
 mwisho wa kila mshororo hugeuka insha, vina vikapotelea katikati ya mstari. Maandishi ya herufi za Kiarabu yaandikie dir="rtl", yaanzie kulia. Herufi nzito tumia pale mwandishi alipokazia, si pale ulipopapenda wewe.

Hili linamhusu hata Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na maskani Tabora. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezitia katika herufi za Kirumi. Herufi za Kiarabu hazina kubwa na ndogo. Kwa hiyo kila herufi kubwa tunayoiona katika chapa hizo iliwekwa na mtu mwingine, si Tippu Tip.

Anayepanga maandishi naye ni mwandishi wa pili. Tofauti ni kwamba siku hizi anaweza kuacha alama za mkono wake zionekane, na hana udhuru wa kuzificha.