Kapiteni Joubert na Agnes Atakaye: Jamaa ya Wakulima Kando ya Tanganika

Kila mara habari za mwanzo wa dini kando ya Tanganika zinaposimuliwa, jina la Kapiteni Joubert halikosi kutajwa. Wengi humjua kwa bunduki. Husemwa namna alivyopigana na watekaji wa watumwa, kisha habari hukatika, kana kwamba mtu huyu alianguka vitani. Kumbe alikufa mzee, mwenye bibi na watoto, kati ya watu wenye kulima. Kurasa hizi zataka kumweka mahali pake kati ya mababu wa jembe, na kumweka bibi yake karibu naye, kwa maana vitabu vimempita kwa haraka mno.

Léopold Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 ya mwezi wa pili, mwaka 1842, huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1860 alijiunga na askari waliotetea nchi za Baba Mtakatifu, akatumika mpaka Roma ilipotwaliwa mwaka 1870. Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alitafuta walei wa kuwalinda mapadri wake barani, naye Joubert akaitika. Aliondoka mara ya kwanza kwenda Tanganika mwaka 1880. Akarudi Ulaya, akaondoka tena mwaka 1886, na katika mwezi wa tatu wa mwaka 1887 akafika Mpala, penye ngome iliyojengwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883 na kuachiwa mapadri mwaka 1885.

Ili kufahamu kazi yake, yatupasa kukumbuka maisha ya mkulima wa siku zile. Watekaji hawakungojea usiku tu. Mwanamke aliyekwenda shamba asubuhi na mtoto wake mgongoni hakuwa na hakika ya kurudi jioni. Kwa hiyo watu walijifungia ndani ya boma, wakalima karibu karibu tu, miaka kwa miaka, hata udongo ukachoka, hali mashamba mema ya mbali yakigeuka kuwa pori. Mvua za kwanza zikianguka, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, watu wakiwa wamekimbilia milima ya Marungu, hakuna mbegu iliyoingia ardhini. Na asiyepanda katika majuma yale atalia njaa mwaka unaofuata. Mahindi ghalani yalichomwa au kuibiwa. Muhogo ulikuwa na heri zaidi, kwa kuwa mizizi yake hujificha ardhini na kumngojea mwenyewe arudi. Si ajabu kwamba mmea huo, uliotoka mbali Amerika, umekuwa mama wa nyumba zetu. Wapendao bukari na sombe wanajua nisemayo.

Basi bunduki ya Joubert ililinda nini? Ililinda njia ya kwenda shamba. Palipokuwa na zamu ya askari, wanawake waliweza kulima ng'ambo ya kijito. Na waliokombolewa utumwani, wasiokuwa na ukoo wala ardhi, walipata mahali pa kujenga na kupanda. Ndivyo ulivyokua mji wake wa Mtakatifu Ludoviko, huko Mrumbi. Vita na watu wa Rumaliza vilikuwa vikali, nao msaada ulichelewa: Kapiteni Jacques aliwasili mwaka 1891, akaanzisha Albertville, yaani Kalemie ya leo. Habari hizo zimeandikwa mara nyingi, nami siziongezi.

Jambo lisiloandikwa sana ni ndoa yake. Tarehe 13 ya mwezi wa pili, mwaka 1888, Joubert, karibu kutimiza miaka 46, alimwoa Agnes Atakaye. Wengine huandika Atakao. Agnes alikuwa Mwafrika na Mkristu, na ndoa yao ilifungwa mbele ya Kanisa, hadharani. Tuipime neno hili sawasawa. Katika siku zile, na hata baadaye sana, Wazungu wengi walikaa na wanawake wa nchi kwa siri, kisha wakawaacha pamoja na watoto walipopanda meli. Joubert alitoa ahadi ya maisha, akaishika.

Tena, nyumba katika nchi yetu haisimami kwa bunduki. Jembe, mbegu, moto na maji vilikuwa mikononi mwa bibi. Mtu aliyezoea vita vya Italia angejuaje udongo gani wafaa karanga, na siku gani wapanda maharagwe? Hata hesabu ya jamaa ilipita kwa mama: kwa desturi ya Batabwa, majirani wao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Basi mbele ya macho ya watu, watoto wa nyumba ile walikuwa kwanza watoto wa Agnes. Walizaliwa wengi, na wengine wakafa wangali wadogo, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za wakati ule.

Mwisho wa karne ya 19, serikali ya Bula Matari ikajitwalia ulinzi wa nchi. Kazi ya askari wa misioni ikaisha. Joubert angeweza kurudi kwao na kupumzika kwa heshima. Alibaki.

Kisha akaja adui asiyepigwa risasi, ndiye ugonjwa wa malale, ulioenezwa na mbung'o katika vichaka vya pwani ya ziwa. Mwaka 1910 jamaa wakauacha Mrumbi, wakahamia Misembe, karibu na Baudouinville, mji tunaouita sasa Moba. Mkulima mwenye miaka 68 kuanza shamba jipya si jambo dogo: miti ya matunda haihamishwi, na pori halifyekeki kwa siku moja.

Huko Baudouinville, mwaka 1917, chini ya Monsinyori Roelens, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo. Wana wawili wa Joubert na Agnes nao wakawa mapadri.

Joubert alikufa Misembe tarehe 27 ya mwezi wa tano, mwaka 1927, mwenye umri wa miaka 85. Tangu alipoondoka Ulaya mwaka 1886 hakurudi huko tena.