Umeme wa jioni na chaja za mafundi wa Morogoro

Mjini Morogoro, miaka ya 90, betri nyingi zilizofika kwa mafundi wa kuchaji hazikuwa zimetoka kwenye gari. Zilitoka Mvuha, Kisaki na vijiji vingine ambako nguzo za umeme hazikuwa zimefika, zikaja kwenye keria ya basi au zimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Tanzania Bara ilianza kupata televisheni yake mwaka 1994, na kijijini televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe iliendeshwa kwa betri ya N50. Ikiisha, mwenyewe aliileta mjini, jina likaandikwa ubavuni kwa chaki, akaifuata kesho yake.

Kazi hiyo nilifundishwa na mjomba wangu. Ninaieleza kwa sababu vijana wanaojiundia chaja ya mezani, ile ya kurekebisha volti na ampea, huniuliza pawa saplai gani ni rahisi. Mimi huwauliza kwanza: umeme wa kwenu jioni unakuwaje? Swali hilo ndilo lililobadilisha chaja zetu zaidi, kuliko bei.

Betri ya asidi ni ya zamani. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859. Shida ilikuwa kuijaza kwa umeme wa gridi, ambao hugeuka-geuka ilhali betri inataka wa upande mmoja. Mwaka 1916 General Electric ya Marekani ilikuja na Tungar, balbu ya kunyoosha umeme. Zikafuata sahani za seleniamu, ambazo zikiungua hutoa harufu usiyoisahau, kisha daiodi za silikoni. Mjomba alizikuta daiodi tayari. Alizing'oa kwenye altaneta mbovu za magari, akazibana kwenye bati nene la alumini ili zipoe.

Transfoma aliisuka mwenyewe, juu ya chuma cha stabilaiza iliyoungua. Waya wa nje aliukatisha kila baada ya mizunguko kadhaa, akatoa ncha za volti 12, 15, 18 na 21, kila ncha ikafungwa kwenye bolti ya shaba juu ya ubao. Kurekebisha chaja kulikuwa kuhamisha kibanio kutoka bolti moja hadi nyingine. Kuzuia ampea kulikuwa kazi ya taa ya mbele ya gari iliyounganishwa kwenye njia ya kwenda kwenye betri: betri iliyokauka ikivuta umeme mwingi, taa inawaka, waya wake unapata moto na kubana umeme, betri ikikaribia kujaa, taa inafifia. Hadi leo naiheshimu taa ile. Ilikuwa kizuizi na kipimo kwa pamoja, na mteja aliyesimama mlangoni aliisoma bila kufundishwa.

Tatizo la transfoma ni kwamba inafuata umeme ulioingia. Betri ya volti 12 ina seli sita, na ili ijae lazima ifikishwe volti 14.4 hivi. Bolti ya volti 15 ilitosha mradi ukutani kuna 240. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko na taa, ukutani mlibaki 180, na ile 15 ikawa 11 na ushee. Hapo betri haijai. Mjomba alihamia bolti ya 18. Usiku wa manane watu wakilala, umeme ulirudi juu, na betri zikaanza kuchemka, zikitoa hewa ya hidrojeni ambayo cheche moja tu huilipua. Ndiyo maana alilala dukani, madirisha wazi, aamke kurudisha vibanio.

Miaka ya 2000 zikaja kompyuta za mitumba, na ndani yake pawa saplai za ATX, muundo ambao Intel iliutoa mwaka 1995. Hizi hazifuati umeme wa ukutani. Zinaupima na kujirekebisha. Ila volti yake ya juu kabisa ni 12, na 12 haichaji betri ya 12. Mafundi wakajifunza kubadilisha rizista zinazokwenda mguu wa kwanza wa chipu ya TL494 ili volti ipande hadi 14. Ni kazi nzuri, lakini kapasita za volti 16 za upande huo lazima zibadilishwe, ulinzi wa ndani hukatakata umeme, na kapasita za upande wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Mwanafunzi simpi kazi hiyo.

Ninachompa ni adapta ya laptopu: volti 19, ampea 4.74, wati 90, nayo inakubali kuanzia volti 100 hadi 240. Jioni ya volti 180 haiisumbui. Volti 19 zinazidi 14.4 kwa nafasi ya kutosha, na kifaa kidogo cha kushusha volti, chenye chipu kama XL4015 na voliumu mbili, kinamaliza kazi. Voliumu ya kwanza huwekwa bila betri, mita ikisoma 14.4, au 4.2 kwa seli moja ya lithiamu. Ya pili huwekwa kwa kugusanisha waya za kutokea kupitia ampeamita, hadi isome kiasi unachotaka. Kwa betri ya asidi, sehemu moja ya kumi ya uwezo wake ni salama. Kifaa hicho huandikwa ampea 5, mimi sikivushi 3 bila bati la kupozea. Na daiodi iwekwe mwishoni, betri isije ikarudisha umeme ndani adapta ikichomolewa.

Malori ni habari nyingine. Betri mbili za N150 zilizounganishwa kwa mfululizo huhitaji volti 28.8 na ampea 15, na wati 90 hazifiki hata robo ya kazi hiyo. Kwa hizo bado nasuka transfoma, natoa ncha sita badala ya nne, na mita ya volti ya ukutani naifunga juu ya ubao, mbele ya macho ya anayehamisha vibanio.