Nafasi Nane za Wozniak

Kompyuta ya Apple II ilipokuwa bado inaundwa, huko California, waanzilishi wa Apple, Steve Wozniak na Steve Jobs, walibishana juu ya nafasi za kuchomekea kadi. Jobs aliona mbili zinatosha, moja ya printa na nyingine ya modemu. Wozniak alitaka nane. Hakuwa na orodha ya vitu vya kuzijaza, ila alikuwa ameishi na wapenzi wa saketi muda wa kutosha kujua kwamba watu wakipewa nafasi, watabuni. Akashikilia kwamba anayetaka mbili akatafute kompyuta nyingine. Zikabaki nane.

Mashine ilionyeshwa San Francisco mwezi Aprili 1977. Kwa dola 1,298 mnunuzi alipata prosesa ya 6502 yenye kasi ya megahezi 1 na kumbukumbu ya kilobaiti 4. Herufi zilikuwa kubwa tupu, 40 kwa mstari, na programu zilihifadhiwa kwenye kanda za kaseti, zile zile za muziki.

Lakini kifuniko chake kilifunguka bila bisibisi. Ukikivuta juu kwa upande wa nyuma kinaachia, na bodi yote iko wazi mbele yako. Nyuma zimejipanga nafasi nane, kila moja na pini 50, zimepewa namba 0 hadi 7. Mbele yake kuna safu za chipu nyeusi, zimechomekwa kwenye soketi, hazikulehemiwa. Chipu ikifa, unaing'oa na kuweka nyingine. Kumbukumbu nayo iliongezwa papo hapo kwenye bodi, hadi kilobaiti 48.

Ubora mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Kila nafasi ilitengewa anwani zake, na kadi iliweza kubeba programu yake ndogo ndani ya chipu yake. Kwa hiyo kompyuta haikuhitaji kuijua kadi kabla haijachomekwa. Kadi ilikuja na maelekezo yake.

Mwaka 1978 Wozniak mwenyewe alileta kiendeshi cha disketi, kikiongozwa na kadi yenye chipu nane tu, na kwa mazoea ikakaa nafasi ya 6. Mwaka uliofuata Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, programu ya lahajedwali, na wafanyabiashara wakaanza kununua Apple II kwa ajili yake. Makampuni mengine yakauza kadi za kuonyesha herufi 80 kwa mstari. Mwaka 1980 Microsoft ikauza kadi yenye prosesa nyingine kabisa, Z80, iliyoiwezesha mashine kuendesha programu za mfumo endeshi wa CP/M. Kompyuta ikapata ubongo wa pili, na wa kwanza haukuguswa.

IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka 1981 iliweka nafasi tano na kuchapisha michoro ya saketi zake. Macintosh ya Apple, ya mwaka 1984, ilikwenda njia nyingine: haikuwa na nafasi hata moja, na kufungua kasha lake kulihitaji bisibisi maalumu. Ilikuwa mashine nzuri, lakini kwa hilo naona Apple ilirudi nyuma.

Familia ya Apple II iliendelea kuuzwa. Toleo la IIe, la mwaka 1983, liliundwa hadi Novemba 1993, na mashine nyingi za toleo hilo bado zinawaka. Siku hizi wapenzi wake hutengeneza kadi mpya zinazotumia kadi ndogo za kumbukumbu badala ya disketi, na nyingine za kuiunganisha na intaneti.

Ukiikuta moja stoo, usikimbilie kuichomeka umeme. Mwite fundi afungue kwanza sehemu ya umeme, maana kapasita za zamani za karatasi hupasuka na kutoa moshi mzito. Kipuri hicho ni cha bei ndogo na kinabadilika. Usiitupe.